Fundi Aliyenywesha Waya

Kutoka Thika hadi Garissa basi lilikuwa likienda siku moja. Mimi nilitumia nne. Nilikuwa juu ya lori la mabomba ya maji, nina begi moja na cheti cha kidato cha nne kilichofungwa kwenye nailoni, na sikuwa na haraka kwa sababu hakuna aliyekuwa akiningoja. Nilikuwa nimeshaacha kazi kwenye kinu cha unga Nakuru, nikaacha nyingine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Kitui. Kwetu Voi walizoea kupata barua yangu kutoka mji ambao hawakujua kwamba nimehamia.

Mbele kidogo ya Ukasi springi ya lori ilikatika. Tulikaa siku mbili kwenye kivuli cha tairi tukimsubiri taniboi aliyerudi Mwingi kutafuta nyingine. Siku ya tatu tukasubiri gari la polisi la kutusindikiza, kwa kuwa miaka ile hakuna lori lililoruhusiwa kwenda peke yake. Nakumbuka joto kuliko ninavyokumbuka hofu. Mabomba yalituchoma hata kupitia gunia.

Siku ya nne tulivuka daraja la Tana, tukaanza kuteremsha mabomba kwenye stesheni ya maji kando ya mto. Mlinzi wa lango alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina. Kila mtu alimwita Shekhe. Aliniangalia vumbi nililokuwa nimelivaa, akauliza, "Umetoka Kenya?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia hata hapa ni Kenya.

"Haba ni Garissa," akasema. "Kenya ni ng'ambo ya daraja."

Nyuma yake, kando ya ukuta wa nyumba ya pampu, alisimama mtu mrefu wa makamo, kikoi kimefungwa juu ya kifundo cha mguu, bisibisi mbili mfukoni mwa shati. Alishika kopo la maji na kulimimina chini polepole, kama anayemnawisha mgeni. Pale alipomimina hapakuwa na mche wala jani. Palikuwa na mchanga mtupu, mweupe kidogo juu.

"Unapanda nini, mzee?" nikamuuliza.

"Sibandi kitu," akajibu bila kuinua kichwa. "Nanywesha waya."

Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa umeme wa stesheni. Jina lake nililijua baadaye kutoka kwenye faili, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi, na akisema mtu mjini kwamba "Fundi amesema", hakuna aliyeuliza fundi yupi. Lori lilipoondoka sikuondoka nalo. Stesheni ilihitaji opereta wa pampu anayejua kusoma mita na kuandika namba, na mimi nilikuwa nimechoka kupanda malori. Nilikaa zaidi ya miaka mitano, na hiyo kwangu ilikuwa sawa na maisha.

Ndani ya nyumba ya pampu kulikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati mashine ya kijivu isiyozidi ukubwa wa mkate. Wafadhili waliileta zamani, mhandisi wao akaipanga, akaenda zake. Mashine hiyo ndiyo iliyojua pampu gani iwashwe saa ngapi, maji yaende tangi la hospitali au la sokoni au kwenye mitaa ya bulla kule juu, na wakati gani mota zipumzike zisiungue. Sisi tuliiita kompyuta. Fundi alikataa.

"Kombyuta ni ya ofisi," alisema. "Hii ni saa tu. Tofauti yake, wakati ikifika inafanya kazi. Saa ya ukuta inatazama tu. Kama wewe."

Alizaliwa na lugha nyingine, na Kiswahili chake kilikuwa cha kazini. Pampu aliiita "bambu", na mimi nilikuwa "mtu wa Foi". Maneno yake yalikuwa machache lakini yalikaa yanapostahili, kama zana zake.

Kumbukumbu yote ya mashine ile ilishikiliwa na betri moja ndogo, fupi kuliko kidole gumba. Umeme ukiwepo, betri ilipumzika. Ukikatika, na miaka ile ulikatika kama tulivyokata mkate, betri ndiyo iliyozuia saa isipotee na mpango usifutike. Nakala ya mpango mhandisi aliiacha kwenye droo, na mchwa wakaila yote ila jalada. Fundi aliniamkua kwa habari hiyo siku ya kwanza aliponifungulia kabati. "Hii ikisahau," alisema, "hakuna mtu wa kuikumbusha."

Betri kama ile, kwa maelezo ya mwenye kuitengeneza, ingedumu miaka kadhaa. Lakini mwenye kuitengeneza hakuwahi kulala Garissa mwezi wa Februari. Fundi aliibadilisha kila mwaka, siku ya tatu baada ya Idi, kwa sababu Idi haisahauliki. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa kalenda ya ofisini, betri yake haikuchelewa hata mara moja. Iliwahi siku kumi na moja kila mwaka, naye alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia kitu chochote alichokitengeneza. Betri ya akiba aliiweka kwenye kikombe cha bati nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa, mahali penye ubaridi kuliko pote kwenye stesheni. Nilipotaka kusogeza mtungi huo siku moja aliniambia nisogeze kitanda changu.

Mwaka wa kwanza niliposimama naye wakati wa kubadilisha, nilifanya nilivyofundishwa shuleni. Nilinyoosha mkono kwenye swichi kubwa nizime umeme kwanza. Alinipiga kofi mkononi.

"Warya. Unataka kufanya nini?"

"Kuzima. Usije ukapigwa."

"Ukizima, na betri nikiitoa, nani ameshika saa?"

Nikaurudisha mkono.

"Sasa umeme ameshika. Mimi nabadilisha fole fole. Shule yako ilikuwa ya watu ambao hawana saa."

Akasema bismillahi, akaingiza kibanio cha mti alichochonga mwenyewe, kwa kuwa cha chuma kingegusanisha visivyogusana. Alishikilia pumzi muda wote. Betri mpya ilipokaa na taa ndogo nyekundu ikazima, ndipo alipoketi chini sakafuni na kuomba chai.

Mtu huyo aliyelinda saa namna hiyo hakuwa na saa ya mkononi. Alichelewa ofisini, alichelewa harusini, alichelewa kupanga foleni ya mshahara na kukuta karani amefunga dirisha. Kila Ijumaa asubuhi alikuja na redio yake ya betri kubwa, akasimama mbele ya kabati, kidole kimoja kwenye kitufe, akisubiri mlio wa kutimia kwa saa kabla ya habari. Bib, bib, bib, alihesabu kwa midomo. Mlio wa mwisho na kidole vikatua pamoja. Kisha akazima redio kabla habari hazijaanza. Nilimuuliza mbona hasikilizi. Akasema habari za Somalia anazijua, zinafika kwa miguu. Kweli zilifika kwa miguu. Miaka ile watu walikuwa wakivuka mpaka na kushushwa kwenye makambi ya Dadaab, na jamaa zao mjini walikuja pale langoni kwetu kuwaombea maji ya mitungi. Shekhe hakuwahi kumfukuza hata mmoja. Fundi aliwaambia tu wasisimame karibu na waya wake.

Sasa niseme waya wenyewe. Kutoka kwenye kabati ulitoka waya mnene wa shaba, ukapita ukutani, ukafungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Kazi yake ni kupeleka chini umeme uliopotea njia, wa radi au wa waya uliochubuka, usiingie kwenye mashine wala kwenye mwili wa mtu. Lakini ardhi yetu ilikuwa mchanga, na mchanga mkavu haupokei kitu. "Ni kama kumpeleka mgeni kwa nyumba ambayo imefungwa," Fundi alieleza. Kwa hiyo ardhi ile ilitakiwa iwe na unyevu wakati wote, na chumvi ndani yake.

Chumvi aliinunua sokoni, ile ya mawe wanayolambishwa ngamia. Alinunua gunia baada ya gunia, na watu wakajua kwamba hana ngamia. Mwenye duka alianza uvumi kwamba Fundi anafuga ngamia wa siri ndani ya nyumba ya pampu, na kwamba ndiye anayevuta maji, mota ni za maonyesho. Mjini watu waliniuliza kwa uso mkavu kabisa kama ngamia wetu amezaa.

"Amezaa," Fundi mwenyewe alikuwa akiwajibu. "Mtoto ndiye huyu mtu wa Foi. Hamwoni shingo?"

Kazi yenyewe ya kunywesha alikwisha kuipanga kwa namna ambayo sijaiona mahali pengine popote, na nimepita mahali pengi. Bomba la watu kutawadhia alilifunga yeye, mwaka alioajiriwa, juu ya nondo ile. Wafanyakazi wote, na wasafiri, na madereva, walichukua udhu pale mara tano kwa siku, na maji ya mikono, nyuso na miguu yakashuka moja kwa moja kwenye waya. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Ratiba yake ilikuwa imara kuliko ratiba yoyote ya ofisi ya serikali. Mimi, ambaye siswali, aliniagiza nioshee miguu papo hapo jioni. "Maji ya Mkristo pia ni maji," alisema. Kopo nililomwona nalo siku ya kwanza lilikuwa la kuongezea tu, kwa sababu kiangazi kile kilikuwa kikali.

Aliwahi kunifundisha kitu kimoja ambacho mwili wangu bado unacho. Kabati la chuma usilishike kwa kiganja. Liguse kwanza kwa mgongo wa mkono, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Kiganja kikipigwa hufumba na kung'ang'ania. Mgongo wa mkono hurudi wenyewe. Mpaka leo, nikifika nyumba ya mtu, naligusa jokofu lake hivyo, na watu hunitazama.

Kwao kulikuwa Hadado, upande wa Wajir. Mtu huyu alisukuma maji ya mji mzima, na mama yake alikunywa maji ya kununua kwa mtungi kutoka barkad ya watu wengine, lile tangi linalochimbwa ardhini na kupigwa plasta likinge mvua. Hakulalamika juu ya hilo. Alilieleza kama unavyoeleza umbo la mguu wako. Alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Kiinua mgongo chake kingechimba barkad na kuipiga saruji. Alikwisha kuichora kwenye jalada lile ambalo mchwa hawakulila, na vipimo vyake.

Lakini miaka ile ofisi zilikuwa zikipunguza watu. Kila mwezi ilikuja orodha. Fundi aliniambia waziwazi, tukiwa tumekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya pampu, "Saa hii ikikufa, mimi pia nimekufa. Watasema, wekeni swichi ya mkono, mzee aende nyumbani. Fundi bila saa ni mtu ambaye amekaa tu." Basi nilijua. Sitadai kwamba sikujua.

Msimamizi mpya aliletwa kutoka upande wa mlimani. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda usafi, alichukia mbu, na aliona aibu kwamba wazee wanatawadha wakiwa wamesimama kwenye tope kando ya ukuta wa umeme. Katika mwezi wake wa pili alijenga mahali pa udhu upande wa pili wa uwanja: sakafu ya zege, vibao vya kukalia, mabomba manne, paa la mabati. Shekhe alikaa kwenye kibao siku ya kwanza, akanyoosha miguu chini ya bomba, akasema katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kufikiria magoti yake.

Fundi aliendelea kutawadha ukutani peke yake kwa wiki nzima. Kisha naye akahamia kule, kwa kuwa huwezi kuwaambia watu waache raha ya ibada kwa ajili ya nondo ya shaba. Alimwomba Msimamizi jambo moja tu: wachonge mfereji kwenye zege, maji yarudi kwenye waya.

"Fundi," Msimamizi akasema, "nimwage zege leo, nilipasue kesho? Wakubwa wanakuja kulitazama. Wewe si una kopo?"

Basi akarudia kopo. Makopo kumi asubuhi, kumi jioni, na chumvi kila Ijumaa baada ya redio. Alianza kuinama akitembea.

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo zilikuja habari kwamba mama yake anaumwa. Kabla ya kupanda gari la Wajir alinipitisha kwenye kila kitu, ingawa nilikijua. Betri ni ya juzi, usiiguse. Maji asubuhi na jioni. Gunia jipya la chumvi lipo nyuma ya mlango, Ijumaa lifungue. "Radi ya kwanza inakuja mbele ya mvua," alisema. "Wakati hiyo ardhi bado kavu. Ile ndiyo mbaya. Umeelewa, walal?"

Alikuwa hajawahi kuniita walal, ndugu. Nikasema nimeelewa.

Siku mbili nilimwagilia. Siku ya tatu nilimwagilia asubuhi. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha tena, ule ugonjwa wangu wa zamani wa kuhama. Nilikuwa nimesikia kuna kazi kwenye makambi, na kila jioni nilikwenda kwenye kituo cha malori kuulizia. Nilirudi nimechoka. Kopo lilikuwa pale. Nililitazama, nikajiambia kwamba mchanga hauwezi kujua tofauti ya siku moja. Ijumaa ikapita. Nyingine nayo ikapita. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta.

Radi ilikuja alasiri, mbingu ya upande wa mto imekuwa rangi ya vumbi, hakujadondoka hata tone. Ndani ya kabati kitu kililia mara moja kama ukuni mkavu unaovunjwa. Pampu zote zikanyamaza. Nilifungua mlango nikakutana na harufu ya plastiki iliyoungua, na mashine ya kijivu ilikuwa imefanya doa jeusi upande mmoja. Mvua ilifuata baada ya muda wa kuchemsha chai. Ikanyesha kwa nguvu, ikalowesha kila mahali, pamoja na pale kwenye nondo. Nilisimama mlangoni nikiutazama mchanga ukilowa, na nitakiri kilichonijia: kwamba sasa hakuna atakayejua.

Fundi alirudi siku ya tano baada ya radi, ameshamzika mama yake. Alifungua kabati, akatoa kibanio chake cha mti, akaitoa betri, akaipima. "Betri nzima," akasema. "Yeye hana makosa." Kisha akaenda nyuma ya mlango. Nilimwona akiinama juu ya gunia la chumvi na kuligusa fundo la kamba alilolifunga kwa mikono yake. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko fundo linavyohitaji.

Msimamizi aliingia na daftari la kuandikia ripoti. "Nairobi wanataka kujua," akasema. "Waya wa ardhini ulikuwa unatunzwa? Ndiyo au la?"

Fundi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia kama anavyotulia mbele ya kabati siku ya Ijumaa. Nami nilitazama viatu vyangu.

"Radi ni kitu ya Mungu," Fundi akasema mwishowe. "Wewe andika unafyoweza."

Msimamizi aliandika kwamba mashine iliungua wakati mtunzaji wake akiwa nje ya kituo. Ilikuwa kweli. Swichi za mkono zikafungwa, na kwa kuwa swichi za mkono zinahitaji watu wa zamu, stesheni iliongeza maopereta na mimi nikafanywa kiongozi wao. Barua ya kumstaafisha Fundi kabla ya wakati, kwa kiinua mgongo pungufu, ilikuja miezi mitatu baadaye. Alikusanya redio, kikombe cha bati na kibanio. Wakati wa kuagana alinishika mkono kama anavyomshika mtu yeyote. Shekhe alilia, mimi sikulia.

Kazi ya makambini niliipata na nikaikataa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa mahali kwa sababu sikuweza kuondoka.

Zaidi ya mwaka ulipita. Kisha tulitumwa kupeleka pampu ya kisima upande wa Wajir, na wakati wa kurudi nikamwomba dereva apitie Hadado. Nilimkuta dukani, analipia chumvi ya mawe. Alikuwa amekonda, na ndevu zake sasa zilikuwa na hina kama za Shekhe.

"Mtu wa Foi," akasema. "Bado uko na shingo."

"Chumvi ni ya nini, Fundi?"

"Sasa ni ya ngamia kweli. Wawili. Mwenye duka huyu hacheki hata kidogo. Ile ya Garissa ilikuwa tamu, kwa sababu ya kicheko."

Nilimbebea gunia mpaka kwake. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo refu la pembe nne, limechimbwa vizuri, kuta zimenyooka, halina saruji. Mbuzi walikuwa wamelala ndani yake kwa ajili ya kivuli. Hakulionyesha, wala hakulificha. Dada yake alituletea chai ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Wajir, na mengi yakapotea yakabaki machache.

"Fundi, ule waya sikuunywesha."

"Najua," akasema. "Fundo yangu naijua."

"Mbona hukusema?"

Alipuliza chai. "Nilikungoja wewe. Yule mtu aliuliza, mimi nikahesabu, kama redio. Bib. Bib. Bib. Nikasema sasa atasema. Ile ya mwisho ikabita." Akanywa. "Mchanga kukauka si kitu, walal. Mtu anachoka. Lakini ulinyamaza, na mimi nilikuwa nimetoka kuzika hoyo, mama yangu."

Nikamwomba anisamehe.

"Nimesamehe kitambo. Kukasirika ni kazi, na mimi wamenistaafisha."

Dada yake alicheka. Mimi sikuweza. Mbuzi mmoja alipanda kutoka shimoni, akatutazama, akarudi.

"Sasa waya ananywesha nani?" akauliza.

"Mashine haipo tena, Fundi."

"Saa haipo. Kabati iko?"

"Iko."

"Watu wanashika swichi kwa mkono?"

"Wanashika."

Aliweka kikombe chini. Nilimwona kwa mara ya kwanza siku ile akiwa na wasiwasi. "Zamani umeme ilikuwa inatafuta saa," akasema. "Sasa itatafuta mtu. Shekhe anaingia pale bila fiatu, ametoka kutawadha. Wewe hujafikiria hiyo?"

Sikuwa nimefikiria.

Asubuhi niliyofika Garissa niligusa kabati kwa mgongo wa mkono. Liliniuma, kidogo, kama siafu mmoja. Nilikwenda stoo nikachukua nyundo na patasi. Nilipasua zege la mahali pa udhu kuanzia kwenye tundu la maji machafu, nikachonga mfereji, nikachimba uwanjani mpaka ukutani, nikalaza kipande cha yale mabomba niliyokuja nayo juu ya lori. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Shekhe alinitazama bila kuuliza, ila alinisogezea maji ya kunywa.

"Nani amepasua zege langu?" Msimamizi aliuliza siku ya pili.

"Mimi," nikasema, na nikamweleza yote, tangu kopo mpaka gunia. Nilimwomba aandike upya ripoti ile.

Alivua miwani akaifuta. Naye alikuwa amechoka. Garissa ilikuwa imemmaliza. "Faili ya yule mzee ilifungwa kitambo," akasema. "Nikiandika hawatasoma."

"Andika hata hivyo."

Aliandika. Mimi mwenyewe niliipeleka posta. Jibu halikuja mwezi ule wala uliofuata, na sijui kama lilikuja baada yangu.

Niliondoka kwa lori lililokuwa linarudi Thika tupu, saa ya adhuhuri. Begi lilikuwa lile lile. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimefungua gunia jipya la chumvi na kumwonyesha opereta mmoja, mtu wa Ijara asiyependa kuhama, kiasi cha kuweka kila Ijumaa. Shekhe alikuwa amekaa kwenye kibao chake, mguu mmoja chini ya bomba.

"Unarudi Kenya?"

"Narudi, Shekhe."

"Haye," akasema, akauosha mguu wa pili bila haraka.

Nilisimama nikifuata maji yake kwa macho. Yaliteremka kwenye mfereji, yakapotea ndani ya bomba, yakakawia, kisha yakatokea ukutani na kuzama penye nondo. Mchanga ukawa mweusi. Niliingia nyumba ya pampu, nikaliwekea kabati mgongo wa mkono, nikauacha hapo kitambo. Lilikuwa chuma tu.

Nje dereva alipiga honi. Nikapanda juu, mahali pangu pa zamani, tukavuka daraja.